Baba yetu amefiwa na mama na presha haitulii: tumlete mjini au tumwache kwa watu wake?

Binti wa Muheza ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Baba yetu anaishi Muheza, umri wake ni miaka sabini na kitu, na tangu mama alipofariki mwaka jana amebaki peke yake katika nyumba waliyoijenga pamoja. Presha ambayo aliimudu kwa dawa kwa muda mrefu sasa haitulii, ingawa dawa ni zile zile na daktari wa kliniki hajaona tatizo jipya kwenye figo wala kwenye moyo. Anakula kidogo, usingizi unamkatika usiku wa manane, na kahawa ya barazani baada ya swala ya alasiri, ambayo zamani hakuikosa, siku hizi anaiendea mara moja moja tu.

Sisi watoto tuko Dar es Salaam, na mmoja yuko Mwanza. Fedha tunatuma, dawa zinanunuliwa, na yupo kijana tunayemlipa ili apike na kufua. Ndugu zangu wanaona tumetimiza wajibu na kwamba presha ni suala la dawa na chumvi. Mimi naamini kwamba kuondokewa na mtu aliyekula naye, aliyelala naye na hata kugombana naye kwa zaidi ya miaka arobaini kumemwingia mwilini. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, upendo na ukaribu wa watu vina athari inayopimika katika mwili wa binadamu, au ni faraja tunayojipa wenyewe? Na kama ni kweli, je, tumchukue aje kuishi nasi mjini, jambo ambalo yeye mwenyewe halitaki?

Muuguzi wa Kliniki amejibu:

Dada, poleni sana kwa msiba. Ninahudumia wagonjwa wa presha na kisukari, na hali unayoieleza si ngeni kwetu: mgonjwa aliyetulia kwa miaka anafiwa, na vipimo vyake vinavurugika. Ndugu zako wanaotaka ushahidi, upo wa siku nyingi. Mwaka 1969 Colin Murray Parkes na wenzake walichapisha huko Uingereza utafiti uliofuatilia wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, wakakuta kwamba katika miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao wenye wake. Ongezeko kubwa zaidi lilikuwa katika maradhi ya moyo. Baada ya hapo hatari ilishuka taratibu mpaka ikakaribia ile ya wenzao.

Mwili hufikiwa kwa njia zaidi ya moja. Huzuni au hofu ya muda mrefu huufanya mwili utoe kortisoli na adrenalini, yaani homoni za msongo, kuliko kawaida, na hapo moyo hupiga haraka, mishipa ya damu hubana, sukari hupanda, na usingizi huwa mwepesi. Usingizi mbovu nao hupandisha presha. Njia ya pili haina fumbo lolote, na ndiyo ninayokusihi uichunguze kwanza. Marehemu mama ndiye aliyejua kwamba kidonge cha asubuhi hakijamezwa, ndiye aliyepunguza chumvi kwenye mchuzi bila kutangaza, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona miguu imevimba. Kijana anayelipwa anapika anachoagizwa, basi. Kabla hamjamwomba daktari aongeze dawa, hesabuni vidonge vilivyobaki mvilinganishe na tarehe vilipochukuliwa.

Kuhusu kumhamisha, kuna takwimu ambazo ningependa familia nzima izitafakari. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wawili walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi ule wa wengine kwa asilimia 50, katika ufuatiliaji wa wastani wa miaka saba na nusu. Lakini walipotenganisha vipimo, swali la kama mtu anaishi peke yake au na wenzake lilikuwa na uzito mdogo, takriban asilimia 19, ilhali kipimo kilichounganisha mambo mengi ya maisha ya mtu katika jamii yake kilifika asilimia 91. Kuwa na watu chini ya paa moja, kwa hiyo, si sawa na kuwa mtu wa watu. Mkimleta mjini, nyinyi mkitoka alfajiri kwenda kazini na wajukuu wakienda shule, atakuwa na familia kwa saa chache za usiku na atashinda mchana kutwa katika mtaa ambao hakuna anayemjua. Muheza ana msikiti wake, baraza lake, na makaburi ya watu wake. Nisingemng'oa huko bila sababu nzito ya kitabibu.

Mkazi wa Likoni amejibu:

Naafikiana na muuguzi kwa sehemu kubwa, ila ninaona hatari ya kuufanya ukaribu wowote kuwa dawa. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha mwaka 2005 utafiti wa wanandoa 42 waliotiwa malengelenge madogo kwenye mkono, kisha wakaombwa, kwa nyakati mbili tofauti, kuzungumza kwa kusaidiana na kuzungumza juu ya jambo wanalogombania. Baada ya mazungumzo ya ugomvi vidonda vilichelewa kupona, na kwa wale waliokuwa na uhasama mkubwa vilipona kwa kasi ya takriban asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao. Watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja na kuumizana mpaka kwenye ngozi.

Ninalisema hili kwa sababu katika ukoo wetu yupo mzee aliyeletwa mjini kwa nia njema kabisa, na kila jioni akawa anasikia, ukutani kwa pili, watu wakibishana nani alipie dawa na nani ampeleke kliniki. Alinyamaza, akakonda. Dada, nakushauri mmalize kwanza tofauti zenu nyinyi ndugu, bila yeye kuwepo, mgawane zamu na gharama kwa maandishi, ndipo mumwendee. Hata kwenye simu mzee hutambua mara moja kama amepigiwa kwa mapenzi au kwa zamu.

Mgane wa Pangani amejibu:

Mwanangu, mimi mwenyewe ni mgane, kwa hiyo nitasema ninalolijua. Kwetu mwanamke akifiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na kwa muda huo wanawake wenzake huingia na kutoka, hulala naye, humpikia, hulia naye. Mwanamume hana eda. Matanga yakiisha, anaambiwa ajikaze, na tangu siku hiyo watu wanamheshimu kwa kumwacha peke yake. Hakuna anayekusudia ubaya. Lakini mkono wa mtu huanza kusahau mkono wa mwenzake, na mtu mzima haombi kutembelewa.

Chakula ndicho kinachonisumbua katika maelezo yako. Kula peke yako baada ya miaka arobaini ya kula wawili ni kazi, na ndiyo maana anakula kidogo. Si kwamba hana njaa. Mwambieni huyo kijana asiandae na kuondoka, bali wale sinia moja. Kama hawezi kila siku, awe mtoto wa jirani. Pili, kwenye baraza lake yupo angalau mmoja aliyesoma naye au aliyecheza naye bao. Mtafuteni kwa faragha, mumwombe ampitie alasiri waende wote, kwa sababu kupitiwa na mtu mlangoni ni tofauti na kukumbushwa kwa simu kutoka Dar es Salaam. Na tatu, mtumieni. Mwulizeni juu ya shamba, juu ya mpaka wa kiwanja, juu ya mchumba wa binti yenu, na ushauri wake muufuate pale unapofaa. Mzee anayeulizwa maswali hulala akiwaza majibu badala ya kuwaza kifo.

Binti wa Muheza:

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru nyote. Nitakwenda Muheza likizo hii pamoja na wanangu, na suala la sinia moja nimeshalizungumza na kijana. Nina swali moja zaidi kwa muuguzi. Sisi hatukulelewa kumkumbatia baba. Heshima na kushikana mkono ndivyo tulivyovizoea. Je, kuguswa kuna umuhimu kweli, au nikae naye tu inatosha? Na nitajuaje kwamba huzuni imevuka mpaka imekuwa ugonjwa?

Muuguzi wa Kliniki:

Mkono unatosha, dada. Mwaka 2006 James Coan na wenzake huko Marekani waliwapima ubongo wanawake 16 walioolewa huku wakiwatisha kwa shoti ndogo ya umeme. Walipoushika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia kuliko waliposhika mkono wa mgeni, na zilitulia zaidi kwa wale waliokuwa na ndoa njema. Huna haja ya kuiga mila zisizo zenu. Mkande miguu kwa mafuta jioni, mkate kucha, shika mkono wake mnapokwenda sokoni. Haya baba wa Kitanga huyapokea bila kuona haya. Utakapompima presha, mwache akae kimya dakika tano kwanza, mguu usiwe juu ya mguu, wala usizungumze naye kipimo kinaposoma.

Kuhusu mpaka, huzuni ya kawaida huja na kuondoka, na katikati yake mtu hucheka na wajukuu. Sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, haimpi nafasi hiyo. Akikosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akiendelea kupungua uzito, akijilaumu kwa kifo cha mama, mpelekeni kwa daktari na mtaje neno sonona wenyewe, kwa sababu wazee wengi wataeleza maumivu ya mgongo na kuishia hapo. Akisema amechoka kuishi, asilale peke yake usiku huo, na asubuhi aonwe na daktari. Na presha ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, ukungu machoni au udhaifu wa upande mmoja, msisubiri mtoto yeyote afike kutoka mjini. Jirani ampeleke hospitali saa hiyo hiyo, na namba ya jirani huyo muwe mmeiweka kwenye simu zenu zote.