Nani kawaambia Thomas wa Akwino alifundisha kuwa mwili ni ganda tu?

Wakuu, nimechoka. Kila ikifunguliwa mada ya dini humu lazima atokee mjuaji aseme Kanisa la Zama za Kati liliuchukia mwili, eti wokovu ulikuwa wa roho peke yake. Msibani napo hivyohivyo: mhubiri kasimama mbele ya jeneza, "huyu ni ganda tu, mwenyewe kashaondoka". Halafu anatajwa Thomas wa Akwino, yule mwanateolojia mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, ili tujue kuwa watu wamesoma!

Thomas huyohuyo, akifafanua sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, aliandika kuwa roho yangu si mimi: hata roho ikiupata wokovu, mimi bado sijaupata, wala mtu mwingine yeyote. Sasa hilo ganda mmelitoa wapi?

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu huko Roma, ulitamka kwamba wote watafufuka na miili yao wenyewe, hii hii waliyo nayo sasa. Ulikuwa unawajibu Wakathari, kundi ambalo Kanisa liliwaita wazushi, ambao kwao mwili ni kazi ya yule mwovu. Yaani mnalibebesha Kanisa fundisho lilelile lililolipiga marufuku, tena hadi watu wakachomwa moto. Huko kuchoma watu kulaanini mpaka kesho, nitawaunga mkono. Ila msigeuze nani alisema nini.

Na waliuwaza mwili hadi kero. Kucha ulizokata maisha yako yote zitarudi? Mtoto mchanga atafufuka na umri gani? Nyama ya mtu aliyeliwa na mwenzake itakuwa ya nani? (Agostino, askofu wa karne ya 4 na ya 5, alijibu: ya yule wa kwanza.) Petro Lombardo, mwalimu wa teolojia wa karne ya 12, bado anahangaika na kucha na nywele. Ganda gani hilo la kuwakosesha watu usingizi miaka mia saba?

Msinijie na wale waliojichapa mijeledi barabarani wakati wa tauni, eti ndio ushahidi kuwa Kanisa liliuchukia mwili. Papa Klementi VI aliwapiga marufuku 1349.

Najua pia mtu ataleta tamko la Papa Benedikto XII la 1336, kwamba roho za watakatifu zinamwona Mungu hata kabla ya ufufuko. Lilete, lakini lilete zima. Mwishoni kabisa limeandikwa kuwa siku ya hukumu watu wote watasimama mbele ya kiti cha Kristo wakiwa na miili yao.