Walimu wa awali na chekechea: nini kilikubakisha darasani, au kilikuondoa? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Rukwa (mleta mada)

Habari za jioni, wadau. Nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali mkoani Rukwa, huu ni mwaka wangu wa tisa. Nimefungua mada hii kwa sababu mwenzangu tuliyeanza naye kazi ameomba kuhamia darasa la tano, na amekubaliwa. Watoto anawapenda. Aliniambia, "Nimechoka kuulizwa nitaanza kufundisha lini."

Maneno hayo yamenikaa kooni wiki nzima.

Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Daftari langu la mahudhurio lina majina 112. Sera ya elimu ya 2014 ililiingiza darasa la awali kwenye elimu ya lazima, na ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016 wazazi wakaitikia, wakaleta watoto. Nashukuru walileta. Lakini walimu waliosomea awali hawakuongezeka kwa kasi ile, kwa hiyo nimeona darasa likikabidhiwa yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba.

Mwaka jana nilipokea mtoto asiyejua Kiswahili, kwao ni Kifipa kitupu. Wiki sita alikaa mkekani amekumbatia magoti. Siku moja nikawagawia vizibo vya soda, naye akavipanga viwili viwili mpaka vikafika kumi, akanivuta gauni: "Mwalimu, kila kimoja kina mwenzake." Alikuwa ameielewa jozi kabla sijamfundisha neno lenyewe! Tangu hapo nimejaza fomu nyingi. Zinauliza idadi ya watoto, matundu ya vyoo, madawati. Hakuna iliyoniuliza mtoto amepiga hatua gani, wala mimi nahitaji nini ili nimfikishe mbele.

Naomba tuelezane. Ulisomea wapi kazi hii, unalipwa na nani, nani aliwahi kukushika mkono? Na kama mtafiti aliwahi kufika darasani kwako, je, alirudi kukueleza alichokiona?

Teacher wa Siaya

Wa kwangu alirudi, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mradi wa Tayari, wa kuboresha chekechea huku Kenya, ulifanywa Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu. Ulipofika kwetu nilikuwa nimefundisha chekechea miaka sita na hakuna mtu aliyewahi kuketi akanitazama nikifundisha. Ofisa alikuja na fomu yake, akaketi nyuma kwenye kigoda cha watoto. Nilitetemeka, nikajua amekuja kunikagua. Somo likaisha, akaniuliza polepole, "Mwalimu, umemwona yule msichana wa kando ya dirisha? Kitabu hakijamfikia hata mara moja."

Sikuwa nimemwona. Mtoto mwenyewe alikuwa mtulivu, hanisumbui, kwa hiyo macho yangu yalikuwa yakimruka kila siku.

Aliporudi tulibadilisha namna watoto wanavyoketi, nikaanza kuzunguka badala ya kusimama ubaoni. Tulipewa pia mwongozo wa mwalimu na vitabu vya watoto. Vitabu vilisaidia sana, lakini mimi niliyebaki darasani nilibakishwa na mtu wa kuketi nyuma, kuona, na kurudi. Semina za hotelini nimehudhuria, na ninazokumbuka ni chache.

Aliyeondoka

Mimi ni wa upande wa pili. Niliacha 2021.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea. Sisi tuliokuwa tukilipwa na wazazi, siku nyingine kwa gorogoro ya mahindi, tulishangilia. Kaunti yetu ikatuajiri kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja. Kila Disemba unalala hujui kama Januari una kazi. Kuna wakati tulikaa miezi mitatu bila mshahara.

Darasa langu na gredi ya kwanza vilitenganishwa na ukuta wa mabati. Mwenzangu wa upande ule ameajiriwa na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu, ana pensheni na likizo ya uzazi. Mimi nilijifungua, wiki ya tatu nikarudi kazini na mtoto mgongoni, kwa kuwa niliambiwa nafasi yangu ina watu kumi wanaoingoja. Nilikuwa nikimnyonyesha mwanangu nyuma ya mlango huku watoto 60 wakiimba.

Leo nina kibanda cha M-Pesa. Mzazi mmoja alikuja kutoa pesa juzi, akanieleza kwamba mtoto wake yuko kwa mwalimu wa nne tangu mwaka uanze. Anamlilia yule wa pili.

Mwalimu wa Rukwa

Pole sana dada yangu. Nimesoma hapo kwenye mlango mara mbili.

Mlezi, Washington

Hilo la mwalimu wa nne huku Marekani lilichunguzwa kitambo. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nafanya kazi kwenye kituo cha watoto jijini Washington.

Mwaka 1989 Marcy Whitebook, Carollee Howes na Deborah Phillips walitoa utafiti wa vituo 227 katika miji mitano. Walikuta wafanyakazi 41 kati ya kila 100 wanaondoka ndani ya mwaka mmoja. Wakakuta pia kwamba katika mazingira ya kazi, mshahara ndio uliokwenda bega kwa bega na ubora wa malezi kuliko kitu kingine, na watoto wa vituo vyenye wafanyakazi wasiotulia walikuwa nyuma kwa lugha na kwa kuishi na wenzao. Yaani mtoto anayemlilia mwalimu wake wa pili anatuambia jambo la kisera.

Kuanzia 2022 jiji hili likaanza kutupa nyongeza ya malipo, fedha zikitoka kwenye kodi iliyoongezwa kwa wenye kipato kikubwa. Mimi nilikuwa nimeshajaza fomu za kazi ya ghala. Nyongeza ilipoingia nikatulia. Taasisi ya utafiti ya Mathematica ilipima, ikaona idadi ya wafanyakazi wa vituo jijini imeongezeka. Huku ni tajiri, najua. Ila na huku miaka mingi tuliambiwa hela hazipo.

Mjumbe wa kamati ya shule

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Nakiri jambo. Kwenye mkutano wa kijiji tulipanga posho ya mlinzi wa shule shilingi 60,000 kwa mwezi, na ya binti anayejitolea darasa la awali 40,000. Nilinyoosha mkono kukubali. Tulijiambia mlinzi anakesha, yule anaimba tu na watoto.

Mwanangu aliingia darasa la kwanza akijua kushika penseli, kusubiri zamu yake, na kusimulia hadithi ikawa na mwanzo na mwisho. Ndipo nikaelewa ule wimbo ulikuwa unafanya kazi gani. Serikali ilizindua PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, mwaka 2021, tukasikia mengi mazuri kuhusu malezi na makuzi ya mtoto. Kijijini kwetu naanza na hiyo 40,000. Nimeomba iwe ajenda ya kwanza mkutano ujao, na nimemwomba binti mwenyewe aje aeleze siku yake inavyokwenda, asubuhi hadi saa sita.

Wa Unguja

Huku tunaita skuli za maandalizi. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitamka miaka miwili ya maandalizi iwe ya lazima. Skuli hazikutosha, ndipo vikaja vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, vinavyofundisha kwa redio. Mimi nilianza hapo, barazani kwa bibi yangu, sina cheti. Redio inaimba, watoto wanaruka, nami nafuata maelekezo pamoja nao. Betri zikafa katikati ya kipindi siku moja, nikamalizia mwenyewe kwa mdomo, na watoto hawakuondoka. Siku hiyo ndiyo niliyosema mimi ni mwalimu. Baadaye nikenda kusomea.

Bi Mstaafu, Kwale

Wanangu, nimewasoma wote.

Mimi nilifunzwa na mpango wa chekechea uitwao Madrasa. Bi Swafiya Said aliianza kazi ile Mombasa mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Walitutafuta akina mama wa vijijini, wengi hatukuwa na vyeti vikubwa, wakatufunza kutengeneza vifaa vya darasa kwa vifuu, simbi na makuti. Baadaye kazi ikafika Zanzibar na Uganda. Kisha Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wakalinganisha watoto wa Madrasa, wa chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Waliosoma chekechea waliwapita wa nyumbani, na wa Madrasa walifaidika zaidi. Niliposomewa matokeo yale nilimwita mume wangu aje asikilize, maana yeye ndiye aliyekuwa akisema nakwenda kucheza na watoto wa watu.

Naanza Jumatatu

Shikamoo Bi. Nimemaliza astashahada ya ualimu wa awali, Jumatatu naanza kujitolea. Watoto ni 87, chumba hakina dawati hata moja. Nianzie wapi?

Bi Mstaafu, Kwale

Marahaba mwanangu. Siku ya kwanza usiandike kitu ubaoni. Simama mlangoni, msalimie kila mmoja kwa jina lake. Asiyelisema, muulize nduguye. Wagawe vikundi, kila kikundi na mkeka wake. Tafuta akina mama wawili wa zamu, na mmoja akae upande wa choo. Vizibo anza kuviokota leo, uvioshe kwa maji ya moto na sabuni, vyenye kutu au ncha uvitupe. Jioni andika majina matatu, ya watoto uliowaona kwelikweli siku hiyo na walichofanya. Kesho watatu wengine. Kwa siku 29 utakuwa umewafikia wote, kisha unarudi mwanzo.

Naanza Jumatatu

Asante sana Bi. Nimeshapata vizibo 40.

Mwalimu wa Rukwa

Mdogo wangu, uko mkoa gani? Nina mfuko mzima wa ziada, nakupakilia kwenye basi la kesho.