Semi za Mark Twain kwa ubao wa mahafali: zipi zake kweli?

MkaaWete: Assalaam alaykum. Skuli ina mahafali ya kidato cha nne, nimepewa kazi ya ubao wa semi za Mark Twain, yule mwandishi wa Marekani, kuhusu maisha. Nimeokota tatu WhatsApp: (1) baada ya miaka 20 utajutia zaidi usiyoyatenda kuliko uliyoyatenda; (2) siku mbili kubwa ni ya kuzaliwa na ya kujua kwa nini ulizaliwa; (3) ushujaa ni kuitawala hofu, si kukosa hofu. Zote zake? Na nahakikishaje?

Msomaji_Ngambo: Waalaykum salaam, Maalim. Yake ni ya tatu tu. Ya kwanza imo katika kitabu cha H. Jackson Brown cha 1990. Twain kafariki 1910. Ya pili watafiti wameitafuta katika maandishi yake hawakuiona.

Ya ushujaa iko sura ya 12 ya riwaya *Pudd'nhead Wilson* (1894). Sura za riwaya ile hufunguliwa kwa semi za kalenda aliyoiandika mhusika Wilson, mwanasheria wa mji mdogo wa Missouri, Marekani. Siku alipofika, mbwa alikuwa akibweka kwa kero, naye akasema laiti angemiliki nusu ya mbwa yule, angeiua nusu yake. Watu wakamwita bwege, ndiyo maana ya *Pudd'nhead*, papo hapo! Jina likamganda miaka.

Kuhakikisha: ingia Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kitabu ni bure. Fungua toleo la kusomea kwenye kivinjari, usifungue faili la maandishi matupu, kwani humo mistari imekatwa na sentensi ndefu haipatikani kwa kutafuta. Andika maneno mawili matatu tu yanayofuatana, mfano *mastery of fear* (kuitawala hofu). Ukiweka sentensi nzima, koma moja tu ikihitilafiana utaambiwa haimo, na wewe utadhani ni ya uongo.

Bint_Mkoani: Naongeza sura ya 6: mazoea hayatupwi dirishani, hubembelezwa yakashuka ngazi moja moja. Hii kwa vijana wanaotoka skuli naiona bora kuliko ya ushujaa. Sura ya 10 yasema ukikasirika hesabu hadi nne, ukikasirika sana, tukana. Ni yake kweli, lakini mbele ya wazee na masheikh, Maalim, iache!

Zipo nyengine katika *Following the Equator* (1897), kitabu cha Twain cha safari yake ya mihadhara ya 1895 hadi 1896: Australia, India, Afrika Kusini. Kampuni yake ya uchapishaji ilianguka 1894, akazunguka dunia kutafuta pesa za kulipa madeni, na 1898 alikuwa keshayamaliza.

MkaaWete: Ahsanteni sana. Naweka ya ushujaa na ya mazoea. Chini niandike "Mark Twain" basi?

Msomaji_Ngambo: Andika: Mark Twain, *Pudd'nhead Wilson*, sura ya 12, 1894. Ya mazoea sura ya 6. Jina la kitabu usilifasiri, mwanafunzi akitaka kukitafuta atapotea.