Wakuu, pikapu ipi ya kuvutia karavani: dizeli au petroli?

Mtoto wa Spana: Wakuu heshima kwenu. Natafuta pikapu ya milango minne ya kuvutia karavani, ile trela yenye nyumba ya kulala, safari za familia. Dizeli au petroli? Usingizi sipati. Mapovu ruksa.

Mzee wa Gia: Dizeli. Nguvu inakuja mapema, mlimani haihangaiki. Niliwahi kuvuta boti kwa petroli, kufika juu mshale wa mafuta umelala. Boti yenyewe niliuza, mama watoto anaogopa maji.

Kigingi: Karavani ina uzito gani?

Mtoto wa Spana: Ya kawaida tu, mkuu.

Kigingi: Kilo ngapi? Soma kibandiko, uzito wa juu unaoruhusiwa, usinipe wa ikiwa tupu.

Mtoto wa Spana: 2,900. Ila tupu ni 2,200! Na pikapu nimeshalipia kianzio, muuzaji kasema inavuta 2,500. Sitajaza maji, nitaenda mdogomdogo.

Kigingi: Kumbe umekuja kuomba baraka. Lita 100 za maji ni kilo 100, bado mitungi ya gesi, betri, vyombo, magodoro. Halafu trela inakandamiza ndoano ya kuvutia, ile ya nyuma ya pikapu. Wengi wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwako 290 hadi 435, na hizo zinahesabiwa kwenye mzigo wa pikapu pamoja na abiria. Ukipunguza sana uzito wa mbele ya trela, inayumba mkia barabarani. Ukizidisha, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Mdogomdogo yako haisaidii kwenye mteremko.

Dada Bawaba: Wanaume mnanunua kwanza, kuuliza baadaye. Shemeji anajua?

Mtoto wa Spana: Anajua kuhusu karavani.

Mzee wa Gia: 😂😂

Chumvi Nyingi: Chai hii. Juu "natafuta pikapu", chini ameshalipia. Kesho atakuwa na meli. Picha ya kibandiko cha mlango wa pikapu au uzi ufungwe.

Mtoto wa Spana: [picha] Haya, chai iko wapi?

Chumvi Nyingi: Nafuta kauli. Ila mkuu, hapo imeandikwa abiria na mizigo visizidi kilo 620. Toa 290 za ndoano, zinabaki 330. Mko wangapi?

Mtoto wa Spana: Sita.

Kigingi: Achana na dizeli na petroli. Kianzio kinarudishwa?

Mtoto wa Spana: Risiti iko ndani ya pikapu.

Dada Bawaba: Na pikapu iko wapi?

Mtoto wa Spana: Kwa jirani.