Walimu wa sanaa sekondari tupeane uzoefu: unafundishaje kuchora wakati kabati ni tupu?

MwalimuWaRangi
Habari zenu wadau. Leo nimefungua kabati la darasa la sanaa nimekuta brashi saba, tano kati ya hizo manyoya yamekauka kama ufagio, na kopo moja la rangi nyekundu limegandana na mfuniko. Wanafunzi wangu ni 46. Nikakaa nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza kazini, nikaona nije huku maana najua siko peke yangu.

Mwaka ule nilipewa kidato cha kwanza, mada ya rangi. Nina rangi tatu tu, nyekundu njano na bluu, nikajipa moyo zinatosha kwa sababu hata mimi nilifundishwa hivyo, ukiwa na hizo tatu unapata zote. Nikaandika ubaoni nyekundu na bluu ni zambarau. Watoto wakachanganya, ikatoka matope. Wakaosha brashi wakaanza upya, matope tena. Binti mmoja wa mbele akanyanyua karatasi yake akaniambia "mwalimu nimefanya kama ulivyosema", wala hakuwa na kejeli, alidhani aliyekosea ni yeye. Nikamwambia ongeza bluu, ikazidi kuwa chafu, na rangi yenyewe ikaisha kabla ya kengele. Mpaka leo inaniuma, yule mtoto alitoka pale anaamini hawezi kuchora kumbe tatizo lilikuwa kwenye kopo.

Haya, wewe ulifundishia nini, na nini kilikuokoa?

Kifutio
Umenikumbusha mbali mwalimu. Hiyo zambarau ya matope naijua vizuri sana.

PenseliHB
Mwalimu hukukosea wewe. Nyekundu nyingi za makopo zinaelekea kwenye chungwa, yaani ni kama zina njano ndani, sasa ukiweka bluu umezikutanisha zote tatu na zikikutana zote tatu unapata kahawia tu. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi, ile majenta, zambarau itatoka safi. Hata printa inatumia sayani (bluu inayoelekea kijani), majenta, njano na nyeusi. Mimi ningekuwa na uwezo hii habari ya nyekundu njano bluu ningeifuta kabisa.

MzeeWaTurubai
Ufute? Na mtihani ukiuliza rangi za msingi mtoto akajaza majenta maksi atampa nani? Kijana, pale pango la Lascaux Ufaransa kuna wanyama wamechorwa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita kwa udongo mwekundu, udongo wa njano na nyeusi, majenta hakuna wala sayani hakuna, na watu wanazishangaa mpaka leo.

PenseliHB
Mzee wangu shikamoo kwanza. Sijasema wafeli mtihani. Nasema mtoto aambiwe ukweli wa kile anachokiona kwenye sahani yake ya rangi, halafu ya mtihani aambiwe ni ya mtihani.

MzeeWaTurubai
Marahaba. Hapo sawa, ila neno kufuta ulitoe.

MamaUfinyanzi
Nimesoma hapo "anaamini hawezi kuchora" moyo umenipasuka. Ngoja na mimi nitoe yangu ambayo sijawahi kuiandika popote.

Kidato cha nne, kazi zao za mwisho za kupewa alama. Tanuri hatuna, tukakubaliana tutachoma kwenye shimo. Kazi 31. Wiki tano tunafinyanga, udongo tumechimba wenyewe, tumeloweka, tumechuja, tumekanda mpaka viganja vinauma. Wengi walifinyanga vyungu na bakuli, lakini kulikuwa na binti mmoja mkimya, yule ambaye ukimwita jina anaangalia chini, akafinyanga kichwa cha bibi yake. Kama ngumi mbili hivi. Mikunjo ya shingo ipo, kilemba kipo, na sikio lina tundu la hereni limevutika kwa uzee. Nilikuwa naenda kukiangalia hata saa ambazo sina kipindi. Na nilijua hakukikomba ndani, ukikibeba kizito kama jiwe, nikanyamaza, nikasema nikimwambia akipasue atoe udongo wa ndani nitamvunja moyo.

Wiki ya kuchoma mvua ikashuka siku tatu mfululizo, chumba kizima kina unyevu. Tarehe ya kuwasilisha imefika, kila siku naulizwa kazi ziko wapi, nikapapasa vyungu kwa vidole nikaona vimekauka, nikaamua. Tukapanga shimoni na maranda, kuni juu, nikawasha. Watoto wanaimba. Kama dakika ishirini hivi, paa! Kama baruti. Wakacheka. Ikaja ya pili, ya tatu, vigae vya moto vinaruka nje ya shimo, nikapiga kelele rudini nyuma wote, baada ya hapo zikawa zinafuatana na hakuna aliyecheka tena. Tulisimama mbali tunasikiliza tu. Unajua kila mlio ni kazi ya mtu ila hujui ya nani.

Asubuhi tukafukua, nzima tisa. Yule binti akaingiza mkono kwenye jivu akatoa sikio. Sikio zima na tundu lake la hereni. Akalifuta kwa sketi akaliweka mfukoni, hakusema neno wala hakulia. Aliyeenda kulia stoo ni mimi.

Kifutio
Nimefika kwenye sikio nikaweka simu chini.

ChakiNyeupe
Pole sana mama. Pole sana. Na hao watoto wote walikuwa salama?

MamaUfinyanzi
Salama kabisa, tulikuwa tumesharudi nyuma. Mmoja tu kigae kilitoboa sweta aliyokuwa ameitandika chini.

FundiTanuri
Pole mama, ila tuambiane ukweli. Hiyo ni hewa. Udongo haukukandwa vya kutosha, viputo vya hewa vikabaki ndani, vikipata moto vinatanuka. Nafinyanga mwaka wa kumi huu, hilo nimefundishwa na nimelifundisha.

UdongoMbichi
Fundi samahani, si hewa, ni MAJI. Amesema mwenyewe mvua siku tatu. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,700 ya yale maji, sasa ukuta ni mnene utatokea wapi? Unabomoa. Chukua kazi yenye kiputo ila imekauka hasa, ipashe moto polepole, haitalipuka. Chukua iliyokandwa kama mkate lakini mbichi ndani uone.

FundiTanuri
Kwa hiyo miaka kumi nakanda bure?

UdongoMbichi
Hapana kaka, kukanda kunafanya udongo uwe sawa kote usipinde wala kupasuka wakati wa kukauka. Endelea kukanda. Nachokataa ni mtoto kuambiwa hukukanda vizuri ndiyo maana kazi yako imelipuka, wakati kosa lilikuwa haraka ya kuwasha moto.

MamaUfinyanzi
Haraka yangu. Ndiyo, nimekubali.

MzeeWaTurubai
Mwanangu usijibebeshe yote. Tarehe za kuwasilisha alipanga mtu ambaye hakuwahi kushika udongo. Safari nyingine usipime kwa vidole, weka kazi shavuni. Shavu likisikia ubaridi bado kuna maji, acha. Na kichwa kikubwa unakikata kwa waya kikiwa bado kigumu-gumu kama ngozi, unakomba ndani ubaki na ukuta wa unene wa kidole, unachanja kingo, unapaka uji wa udongo, unarudishia. Acha na katundu kadogo chini. Siku ya kuchoma unaanza na kamoto ka pembeni masaa mengi kabla ya moto mkubwa.

ChakiNyeupe
Mimi ningesema shimo liachwe kabisa, wafinyange, wakaushe, wapake rangi, basi. Hakuna mlio.

FundiTanuri
Udongo usiochomwa ukimwagikiwa maji unarudi kuwa tope dada. Alama atapewa ya tope?

MwalimuWaRangi
Mama nimekusoma mara mbili. Naomba na kabati langu lisisahaulike jamani, Jumatatu nina vipindi viwili na brashi saba.

BrashiYaMswaki
Sahau brashi. Watoto wachore viatu vyao. Kila mtoto ana viwili, havichoki kukaa pozi, na kamba za viatu zitawafundisha mistari kuliko kitabu. Kalamu ya wino inatosha, tena bora, maana haifutiki.

Kifutio
Hapo kwenye kutofutika napinga kwa nguvu zote. Ukikaza hivyo mtoto muoga hatagusa karatasi. Tena kifutio ni kifaa cha kuchorea, ukipaka mkaa karatasi nzima unautolea mwanga kwa kifutio, ndipo mtoto anaelewa kivuli ni nini.

BrashiYaMswaki
Mimi vifutio nakusanya mlangoni wakiingia, muhula wa pili hawaviulizi.

PenseliHB
Mwalimu, mkaa unatengeneza mwenyewe. Vijiti vikavu unene wa penseli, menya magome, vibane kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo kwa msumari, weka motoni. Moshi utatoka kwenye tundu, ukikoma toa kopo. USIFUNGUE mpaka lipoe kabisa, ukifungua likiwa la moto hewa inaingia unabaki na jivu. Rangi chukua udongo wa rangi mbalimbali, ponda, chekecha kwa kitambaa chepesi, changanya na gundi nyeupe na maji kidogo. Au kiini cha yai, Ulaya walichorea hicho kabla rangi ya mafuta haijatawala.

ChakiNyeupe
Yai linanuka likikaa, chukua gundi.

MzeeWaTurubai
Edward Tingatinga mwaka 1968 alianza na rangi za baiskeli juu ya hadibodi. El Anatsui, msanii wa Ghana, anaunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, vinatundikwa makumbusho makubwa duniani. Waonyeshe watoto hizo picha kabla hujawaambia hatuna vifaa.

Kifutio
Rangi ya baiskeli kwa watoto 46 hapana, maji hayaitoi kwenye sare na harufu yake bila madirisha wazi ni hatari. Vifuniko sawa.

BrashiYaMswaki
@MamaUfinyanzi hukumalizia. Yule binti?

MamaUfinyanzi
Nilikuwa nimezipiga picha kazi zote kabla ya kuchoma, kwa simu tu, tukawasilisha picha pamoja na vigae. Wengine walipata alama, wengine walikatwa, sina la kuwatetea. Yeye alirudi baada ya wiki mbili kuomba udongo. Kichwa kile kile, safari hii tulikikata wote wawili kwa waya, alinishikia mkono maana wa kwangu ulikuwa unatetemeka. Kilikaa mwezi mzima dirishani. Kila asubuhi anakiweka shavuni, anatikisa kichwa, anakirudisha. Siku aliyoniambia "mwalimu leo hakina baridi" ndiyo tuliwasha.

ChakiNyeupe
Kikatoka?

MamaUfinyanzi
Kikatoka. Kina weusi upande mmoja wa kilemba ambapo moshi ulishika, akasema uachwe.

MwalimuWaRangi
Jumapili jioni hapa, nimejaribu mkaa wa PenseliHB na wanafunzi watatu. Vijiti kumi na nne, viwili vimevunjika, kimoja katikati bado ni kahawia hakikuiva. Nimepiga mstari kwenye gazeti la zamani, mweusi tii, ukigusa kwa kidole unasambaa kama kivuli chenyewe. Kesho nakusanya viatu. Sasa niambieni, huu mkaa nauzuiaje usifutike wakipanga kazi juu ya kazi?