Dawa zilizobaki nyumbani: zitupwe wapi zisiishie kwenye maji?

Mlezi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tumemuuguza mzee wetu kwa muda mrefu na hatimaye tumemzika, na sasa tumebaki na sanduku zima la dawa ambalo hakuna katika familia anayejua la kulifanyia. Humo mna antibiotiki ambazo hazikumalizika kwa sababu daktari alibadilisha tiba, vidonge vya kisukari na vya shinikizo la damu, chupa mbili za dawa ya maji ya kikohozi, kopo la kuvuta la pumu, kalamu za insulini pamoja na sindano zake, na plasta za fentanili alizokuwa akibandikwa kutuliza maumivu ya saratani. Baadhi zimekwisha muda, nyingine bado.

Kila ninayemwuliza ana lake. Mmoja ananiambia nizimwage zote chooni na kuvuta maji, mwingine anasema nichimbe shimo nyuma ya nyumba nizifukie, na wa tatu anashauri nizichome moto pamoja na takataka nyingine. Ninachohofia ni kwamba mashauri yote matatu yanaipeleka dawa mahali fulani, na huenda hapo mahali ndipo mtu mwingine anapochota maji. Hilo shimo, kwa mfano, halitakuwa mbali na kisima. Ningependa kuelezwa na wanaofahamu: dawa ikishaniondoka mikononi inakwenda wapi hasa, na ni njia ipi yenye madhara madogo zaidi kwa maji?

Mfamasia wa Zamu

Pole sana kwa msiba, ndugu, na nakushukuru kwa kuuliza kabla hujamwaga.

Anza kwa kuulizia famasia au hospitali ilikotoka dawa kama wanapokea dawa zisizotumika. Nchi za Umoja wa Ulaya zimetakiwa kisheria tangu mwaka 2004 kuwa na utaratibu wa kukusanya dawa za aina hiyo, Australia ina mpango wa kitaifa wa kuzirudisha famasia, na Marekani imekuwa na siku maalumu za kuzikusanya tangu 2010. Pasipokuwa na mpango rasmi, usikate tamaa mapema, kwa kuwa hospitali nyingi kubwa zina njia yake ya kuteketeza dawa chakavu, na mfamasia wa hospitali akielezwa vizuri anaweza kukubali kuziunganisha za kwako na za kwake. Nitakayoyataja kuanzia hapa ni ya mtu aliyeikosa kabisa njia hiyo.

Vidonge vitoe kwenye pakiti zake lakini usivisage, maana vumbi lake utalivuta wewe mwenyewe. Vichanganye na udongo wenye unyevu, majivu au vumbi la mbao, ili mtoto au mnyama akikutana navyo asivutiwe navyo, kisha uvitie kwenye chombo kinachofungwa vizuri na ukiweke katika taka zinazokwenda kwenye dampo linalosimamiwa. Dawa ya maji imwagie kwenye udongo huohuo mpaka inyonywe yote, kisha ifuate njia ileile. Jina la mzee na maelezo ya ugonjwa wake yafute kwenye vibandiko. Sindano ziwekwe peke yake ndani ya chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, kwa sababu wabeba taka wengi huchomwa na sindano zilizotupwa kiholela. Kopo la pumu lina gesi iliyoshindiliwa: usilitoboe wala kulitia motoni, litalipuka.

Nimeziacha plasta mwisho kwa makusudi, kwa sababu kwazo nashauri tofauti. Plasta ya fentanili hata ikishatumika hubaki na dawa ya kutosha kumuua mtoto akiibandika au kuitafuna, na vifo vya namna hiyo vimekwisha kutokea. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, ambayo kwa dawa nyingine zote husema zisimwagwe chooni, imeweka orodha fupi ya dawa zinazoruhusiwa kumwagwa pale ambapo hakuna mahali pa kuzirudisha kwa haraka, na fentanili imo. Ikunje plasta katikati, upande wa gundi ushikane na upande wa gundi. Kama leo huna pa kuipeleka, ivute na maji. Hatari ya mtu kufa ndani ya nyumba yako ni kubwa kuliko madhara ya plasta chache katika mfereji wa majitaka, na sioni haya kusema hivyo ingawa mada yetu ni maji. Lakini ruhusa hiyo isivutwe ikazihusisha antibiotiki na vidonge vya presha.

Fundi wa Majitaka

Naunga mkono yaliyosemwa na Mfamasia, na kwa kuwa kazi yangu iko upande wa pili wa bomba, nijibu lile swali la dawa inakwenda wapi.

Mtambo wa kusafisha majitaka uliundwa kwa ajili ya vitu vya aina tatu: takataka zinazoonekana, uchafu unaooza, na vimelea vya magonjwa. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaokula uchafu. Kuna dawa ambazo bakteria hao huzimeng'enya vizuri, na insulini, kwa kuwa ni protini, huvunjika kwa urahisi. Hapo tatizo ni sindano na si dawa yenyewe. Lakini kuna nyingine ambazo hupita mtamboni zikatoka upande wa pili karibu zilivyoingia. Mfano unaotajwa sana ni karbamazepini, dawa ya kifafa, ambayo hudumu kiasi kwamba watafiti huitumia kama alama: wakiipata katika maji ya ardhini, wanajua majitaka ya binadamu yamefika hapo. Ili kuziondoa dawa za aina hiyo unahitaji hatua ya ziada, yaani gesi ya ozoni, au mkaa amilifu, ambao ni mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa kemikali. Uswisi ilianza mwaka 2016 kuitekeleza sheria inayoitaka mitambo iliyoteuliwa iongeze hatua hiyo, na kazi hiyo imepangiwa miaka mingi kwa sababu ni ya gharama kubwa. Mitambo mingi duniani haina hatua hiyo, na majitaka mengi hayafiki kwenye mtambo wowote.

Kwa mwenye choo cha shimo au tangi la majitaka la nyumbani, hali ni ngumu zaidi. Dozi nzima ya antibiotiki ikimwagwa kwa mkupuo katika tangi dogo, inawadhuru bakteria walewale ambao tangi linawategemea. Maji yanayotoka humo huingia ardhini, na kama udongo ni wa mchanga au mwamba wenye nyufa, yanaweza kufika kwenye maji ya kisima bila kuchujwa vya kutosha. Kufukia vidonge karibu na kisima kuna kasoro hiyohiyo, tofauti ni kwamba mvua ndiyo itakayofanya kazi ya kuzishusha. Ushauri wa kuchimba shimo nyuma ya nyumba, ndugu Mlezi, uache kabisa.

Ukubwa wa jambo hili umepimwa. Marekani, katika miaka ya 1999 na 2000, wataalamu walichunguza mito na vijito 139 katika majimbo 30 na kukuta angalau kemikali moja kati ya 95 walizozitafuta, zikiwemo dawa na homoni, katika asilimia 80 ya sehemu hizo. Utafiti mkubwa zaidi ulitolewa mwaka 2022, ukiwa umepima mito 258 katika nchi 104, na katika takribani robo ya sehemu zilizopimwa, dawa angalau moja ilikuwa imefikia kiwango kinachohofiwa kuwadhuru viumbe wa majini au kuchangia usugu wa vimelea, yaani vimelea kutosikia tena dawa. Dawa zilizoonekana mara nyingi ni pamoja na hiyo karbamazepini na metformini, yaani kidonge cha kisukari ambacho pengine kimo katika sanduku lako.

Wanaodhani kiasi kidogo hakina neno wausome mfano wa ziwa moja dogo la utafiti katika jimbo la Ontario, Kanada. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2003 wanasayansi walitia humo homoni iliyomo katika vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kiwango cha nanogramu (sehemu ya bilioni ya gramu) tano hadi sita tu katika kila lita ya maji. Samaki dume wadogo walianza kutengeneza protini ya mayai, ambayo kwa kawaida ni ya jike, uzazi ukavurugika, na jamii yao ikakaribia kutoweka katika ziwa hilo. Homoni iliposimamishwa, samaki hao waliongezeka tena katika miaka iliyofuata. Hilo ndilo linalonipa moyo, kwa maana maji yakiachwa kutiwa dawa huweza kupona.

Kando ya Mto

Nawaheshimu waliotangulia, ila naona kuna jambo halijasemwa. Sehemu kubwa ya dawa iliyomo mitoni haitokani na vidonge vilivyomwagwa, bali hupita katika miili ya wagonjwa na kutoka na mkojo. Metformini aliyoitaja Fundi hutolewa na figo karibu yote bila kubadilika. Tena Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2012 kwamba viwango vinavyopatikana katika maji ya kunywa ni vidogo mno, na kwamba ni vigumu sana kuamini vitamdhuru binadamu. Kwa nini basi tumtwishe mfiwa mzigo huu wote?

Fundi wa Majitaka

Ndugu Kando ya Mto, hoja zako zote mbili ni za kweli na ni vizuri umezileta, kwa sababu sipendi mtu aogope maji ya bombani kwa maneno yangu. Lakini ripoti hiyo inamzungumzia binadamu anayekunywa maji yaliyosafishwa. Haimzungumzii samaki anayeishi ndani ya mto usiku na mchana, wala bakteria wanaojifunza kuistahimili antibiotiki, na usugu huo haubaki mtoni: mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na maambukizi ya bakteria sugu. Vyanzo vya usugu ni vingi na matumizi mabaya ya dawa yanaongoza, ila sioni sababu ya kuongeza chanzo kingine tunachoweza kukizuia.

Kuhusu mkojo, tutafakari kidogo. Dawa iliyopita mwilini imekwisha kumsaidia mgonjwa, na hatuwezi kumwambia aache kuimeza kwa ajili ya mto. Hiyo ni kazi ya wajenzi wa mitambo na ya serikali. Kidonge kisichotumika hakimsaidii yeyote. Kinapomwagwa huingia majini na nguvu yake yote, na kinaweza kuzuiwa leo bila mgonjwa hata mmoja kukosa tiba. Katika mlolongo wote wa dawa na maji, hapo ndipo raia wa kawaida ana uwezo kamili. Mzigo anaotwishwa mfiwa ni wa kufunga kifurushi na kukipeleka mahali.

Mlezi

Nawashukuru nyote, nimefarijika. Nina maswali mawili yaliyosalia. Baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu havijafunguliwa na vina muda wa miezi kadhaa. Je, si bora nivitoe kwa wasio na uwezo kuliko kuviharibu? Na ni kwa nini moto haukupendekezwa na yeyote, ilhali hospitali nazo huchoma?

Mfamasia wa Zamu

Nia ya kutoa ni njema, lakini dawa iliyokwisha kukabidhiwa mgonjwa haina tena anayeweza kuithibitisha: hakuna ajuaye kama ilikaa juani au mahali penye unyevu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa inakataza kutoa dawa zilizorudishwa na wagonjwa, na inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda. Makatazo hayo yana historia. Wakati wa vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, zilipelekwa huko kama msaada dawa nyingi mno zisizofaa, takribani tani 17,000 kwa makadirio yaliyochapishwa baadaye, na waliokusudiwa kusaidiwa wakabaki na mlima wa taka za kuteketeza.

Kuhusu moto, tofauti iko katika joto. Miongozo ya shirika hilohilo ya mwaka 1999 inataka dawa nyingi ziteketezwe katika tanuri lenye vyumba viwili na joto lisilopungua nyuzi 850 za Selsiasi, na dawa zinazoua seli za saratani zihitaji nyuzi 1,200. Moto wa uani haufiki huko. Pakiti nyingi za vidonge zina plastiki ya PVC, ambayo ikiungua kwa joto dogo hutoa sumu za dioksini, na majivu yenye mabaki ya dawa yatasombwa na mvua.

Huko mbele, anayemuuguza mtu kwa muda mrefu anaweza kumwomba daktari aandike kiasi kidogo kwanza anapobadilisha dawa, kisha aongeze ikionekana inamfaa. Sanduku kama lako hujaa hasa kutokana na dozi kubwa zilizotolewa kwa mara moja na kuachwa baada ya wiki.

Kwa sasa, ndugu Mlezi, piga simu hospitali kesho na uulizie kitengo cha famasia, uwatajie kila aina ya dawa uliyo nayo, kwa kuwa plasta na sindano huenda zikapokelewa na watu tofauti. Mpaka watakapokujibu, sanduku likae mahali pa juu panapofungwa kwa ufunguo. Wakisema watazipokea baada ya siku nyingi, plasta zisisubiri.