Tupeane uzoefu: umewahi kununua au kuuza nafasi ya kitu adimu? Tiketi, ofa, buking, chochote

MamaIlazo
Habari za Jumapili wakuu. Leo naomba tuwaongelee hawa watu wanaoshika nafasi ya kitu ambacho wenyewe wala hawakihitaji, wanakaa nayo tu wakikusubiri wewe mwenye shida ufike.

Mi kazi yangu iko Dodoma, familia iko Dar, na tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria 2024 basi nimelisahau kabisa. Shida ni Ijumaa na sikukuu. Unaingia kwenye simu kukata tiketi unakuta zimeisha, hujakaa vizuri kwenye grupu la wasap kuna kijana kaandika "Dar Ijumaa jioni siti 6 zipo, njoo inboksi". Nauli ya daraja la kawaida ni 31,000, yeye anataka 50. Nilikuwa na msiba, nikalipa, sikubishana hata.

Ile 19 ya juu wala haikuniuma sana, nimetoa kwa mkono wangu. Kilichonikera ni baada ya kukaa. Siti ya mbele yangu tupu, ya pembeni tupu, nikajipa moyo labda wenyewe wanapandia Morogoro, tumefika Morogoro hajapanda mtu, mpaka tunashuka Dar zile siti zimesafiri zenyewe zinakula AC. Nikajua tu hizi ni za wale vijana, zimekosa mteja, na kwa vile walishapata faida kwangu na kwa wengine kwao sio hasara kubwa. Ila kuna mtu Dodoma kaambiwa treni imejaa akarudi nyumbani.

Haya tupeane uzoefu. Uliyenunua, uliyeuza, hata wewe ambaye ndo kazi yako njoo ujitetee, matusi tu ndo sitaki.

ChaliWaMbezi
Ngoja nije mapema kabla hamjanimaliza. Mi nipo stendi ya Magufuli pale Mbezi, Desemba ndo shamba letu. Kuanzia tarehe 18 huko kila Mchaga anataka awe Moshi kabla ya Krismasi, na mabasi ni yale yale. Kwahiyo mwezi wa 11 mwanzoni natafuta mtaji, nakopa kwenye kikoba cha maza, nakata siti kwenye magari ambayo najua watu wanayapenda, majina naweka ya binamu na washkaji. Tarehe 22 anakuja baba na mabegi na watoto watatu na ndoo ya mafuta, dirishani kaambiwa mpaka 27, mi namwambia ninazo tano za kesho alfajiri. Nauli elekezi ya LATRA, ile mamlaka ya usafiri, anaijua, bei yangu namtajia usoni, akitaka sawa asipotaka sawa.

Mnasema hatufanyi kazi. Nani alikopa? Nani alikaa na hiyo hela imelala mwezi mzima? Na kuna miaka yanaongezwa magari, vibali vya muda vinatoka, siti zinakuwa bwerere, nabaki nazo mkononi nauza chini ya nauli, siku hiyo mbona hamjagi kunipa pole. Mtu akinunua maharage wakati wa mavuno akaja kuyauza bei ikipanda mnamwita mjasiriamali, mi nikifanya hivyo hivyo mnaniita mlanguzi.

MamaIlazo
Mwenye maharage kayatoa Mbulu huko, kalipia lori, kapambana na wadudu miezi mitatu, mpaka yanafika jikoni kwangu kuna kitu kafanya. Wewe siti umeikuta Mbezi na umeiacha Mbezi hapo hapo.

ChaliWaMbezi
Dada umenipiga na kitu kizito 😂 ila riziki ni riziki.

MzeeWaKeko
Marahaba kwa wote mtakaonisalimia.

Nyie mnacheka, mwaka 1983 ulanguzi ulikuwa unakupeleka ndani. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, ukaanza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, mtaani kwetu watu wazima walikuwa wanatupa sabuni na vitenge mtaroni usiku wa manane wasikutwe navyo. Mimi nilikuwa mdogo lakini nimeyaona. Kabla ya hapo vitu vilikuwa havipo, sukari foleni, sabuni foleni, hata ule unga wa mahindi ya njano tuliouita Yanga ambao watu walikuwa wanausema vibaya nao foleni.

Sasa kwenye foleni palikuwa na utaratibu wake mzuri tu, hukuhitaji kusimama usiku kucha. Unaweka jiwe lako, au kandambili, au kopo, kila mtu anajua hili jiwe la mama fulani, unakwenda kunyonyesha mtoto unarudi nafasi yako ipo. Watu wakaheshimiana hivyo muda mrefu. Wakaja watoto wa mjini, kaka yangu mkubwa akiwemo, jioni wanapanga mawe kumi, kumi na tano, asubuhi wanawauzia nafasi akina mama wanaotoka kazini na wafanyakazi wa viwandani pale Chang'ombe. Biashara ikawa nzuri, kaka akaanza kutununulia andazi.

Siku moja akaja bibi mmoja na kanga zake mbili, akakuta mbele yake hakuna mtu, ni mawe matupu mpaka mlangoni. Akainama akaokota la kwanza, akalitupa mtaroni, akasema huyu naye akija kununua sukari mje mniite. Mwanaume wa nyuma yake naye akaokota. Dakika tano mawe yote yameisha. Na ya watu wa kweli yakaenda humo humo, maana jiwe halina jina. Wale mama waliokuwa wamekwenda kunyonyesha wamerudi wanaambiwa shika mkia. Tangu siku hiyo pale dukani mtu ukitaka sukari unasimama mwenyewe, mgonjwa usimame, mjamzito usimame.

Kaka yangu nilimpenda sana, Mungu amrehemu, lakini hilo sijawahi kumwona ana haki nalo.

Mnyama_Damu
Mzee wangu shikamoo, umenifunga mdomo. Mi langu dogo. Derby ya Simba na Yanga tarehe 8 Machi 2025, nimenunua kwa mtu kadi nzima yenye tiketi ndani, nje ya uwanja kwa Mkapa, kwa bei ambayo nikimtajia waifu tunaachana. Hata sijameza mate tunaambiwa mechi imeahirishwa, Simba hawachezi, Yanga wamekuja uwanjani peke yao. Kumpigia jamaa simu haipatikani. Hapo ndo nilielewa kwamba ukinunua kwa mlanguzi hununui tiketi tu, unanunua na hasara yake yote anakuachia. Mechi yenyewe ilikuja kuchezwa Juni 25, Simba tukafungwa mbili bila. Sikwenda. Nashukuru.

OmoshDoha
Niaje wadau, Mkenya hapa. 2022 nilikuwa Doha, security. World Cup ile, sisi wakaaji wa Qatar tuliwekewa tiketi za bei ya chini, kategori ya nne, riyal 40, mgeni kutoka nje hangepata hiyo. Nikajaribu onlaini nikapata mechi moja, na roomie wangu pia akapata.

Wakati mashabiki walianza kuingia, nje ya metro hukosi mtu anauliza tiketi kwa ishara za vidole. Jamaa mmoja wa Argentina alitutolea dola, hiyo pesa ukiiona unaona karo ya mtoto hapo hapo imelipwa. Na sheria yao ilikuwa kali, kuuza bila ruhusa ya FIFA faini mpaka riyal 250,000, na sisi tunajua mwajiri akisikia tu ni ndege. Mimi nikaogopa nikaenda game. Roomie akauza. Hakushikwa. Hiyo pesa ilienda nyumbani Vihiga ikawa mabati, na mabati iko juu ya nyumba ya mamake mpaka sai.

Sasa naulizanga, huyo roomie alikosea nani? Hakushika tiketi kumi, alikuwa na moja, yake, ya jina lake. Mwarjentina alifurahi mpaka akamkumbatia. Mi naona mkimpa mtu wa mshahara kidogo kitu ambacho tajiri anakililia, zawadi kubwa mmempa ni hiyo tofauti ya bei, mpira ni nyongeza. Mkianza kumwambia oh hiyo ilikuwa ya wewe kuona mpira, mnataka akae maskini na kumbukumbu nzuri.

MamaIlazo
Omosh hapa umenigawa. Huyo wako alikuwa na moja na alikuwa anaitaka. Chali ana hamsini na haendi Moshi hata kwa dawa, kwao Tandahimba.

ChaliWaMbezi
Masasi. Ila endelea.

Kaka_Minnesota
Huku Marekani hii kitu wameifanya mpaka wameleta mashine. PS5 ilipotoka Novemba 2020 dukani dola 499, unabonyeza kununua imeisha, programu za roboti zimeshabeba zote, kesho yake unaziona eBay kwa mara mbili. Kuna sheria ya 2016 ya kuzuia hizo roboti lakini inahusu tiketi za matamasha na michezo tu, vitu vya dukani haigusi. Mtoto wangu alisubiri, nilikataa kununua kwa hao watu, alininunia Krismasi nzima.

Na msidhani ni shida ya watu wa chini. Ford walipotoa ile GT yao mpya, gari la zaidi ya dola laki nne, ilibidi uombe, wanakuchagua, unasaini kwamba hutaiuza ndani ya miezi 24. John Cena yule wa mieleka akachaguliwa, wiki chache tu baada ya kupewa akaiuza. Ford wakamshtaki 2017, wakaja kuyamaliza 2018. Yaani hata huko juu wanalanguana.

Binti_Kibada
Mnaongelea tiketi, tiketi ikipita siku imekufa. Njooni kwenye ardhi. Mradi wa viwanja 20,000 hapa Dar ulioanza 2002, watu walipewa ofa, zile barua za kupewa kiwanja, za Kibada, Toangoma, Bunju, Buyuni, na wengine wala hawakuwahi kuja kuona hicho kiwanja kiko upande gani wa barabara, hata malipo hawajamaliza wanauza ile karatasi. Marehemu baba alinunua ofa mkono wa pili, akajiona mjanja. Kuja kubadilisha jina inabidi yule wa kwanza asaini, kahamia Mwanza, na akishajua bei zimepanda anataka cha juu kingine. Mzee amekufa bado wanazungushana, tumemalizia sisi watoto.

Na jirani yetu wa kushoto mpaka leo ni pori. Kimepita mikono sijui mingapi, kila anayenunua hajengi, anasubiri bei ipande. Nyoka tunawaua sisi, wezi wanajificha humo, taa ya barabarani tulichangishana nyumba zilizokaliwa. Ile siti tupu ya MamaIlazo ilifika Dar ikaisha. Hii yetu ina zaidi ya miaka ishirini.

BiMchanga_Wete
Asalaam aleikum. Mie Mpemba ila nakaa Unguja. Mwaka juzi kuamkia Eid nilikuwa na tiketi tatu za boti kwenda Pemba, mimi na wanangu, usiku ule mwanangu mkubwa akashikwa na homa, safari ikafa. Asubuhi nikenda bandarini na tiketi mkononi, wallahi nilizungukwa, kijana mmoja atoa mara mbili hapo hapo, pesa kazikunja kanitia kwenye kiganja.

Tumefundishwa tangu chuoni, tulikosoma Kurani, usiuze usicho nacho, na kuficha kitu watu wakihitaji ili bei ipande ni dhambi. Lakini mie tiketi nnayo, na sikuificha, nimeuguliwa na mtoto tu. Nilisimama pale kidogo nikiwaza, sikudanganyi, ile pesa niliitazama. Kisha nikamwona bi mkubwa na wajukuu wawili kaketi juu ya kigunia cha mchele, nikampa yeye kwa bei ile ile niliyonunulia. Ndiyo maana nasema msikimbilie kusema tiketi isibadilishwe jina kabisa, siku ile ningepoteza zote tatu na bi mkubwa angesalia bandarini.

Alipokwisha kunipa pesa yangu akanisukumia elfu tano juu yake, asema mnunulie mgonjwa halua. Nikakataa, akakasirika, nikapokea. Haya wenye ilimu nambieni, hiyo ni haramu au ni halua?

MzeeWaKeko
Hiyo ni halua binti yangu. Na ungekataa tena ungemvunjia heshima.

ChaliWaMbezi
Na mimi basi kuanzia mwaka huu sitaki cha juu, mnipe ya halua tu, elfu ishirini kwa kila siti 😂

MamaIlazo
Mkuu nenda Masasi kwanza ukawasalimie.